Maji, Umeme na Kompyuta katika Vyuo vya Songea

Mashariki ya mji wa Songea vimesimama vilima vya Matogoro, na katika vilima hivyo ndipo lilipo chimbuko la mto Ruvuma. Mto huo kwanza hushika njia ya magharibi, kisha hugeuka kwenda kusini, na mwisho huelekea mashariki hadi Bahari ya Hindi, ukiwa mpaka baina ya Tanzania na Msumbiji kwa sehemu kubwa ya safari yake. Jina la vilima hivyo ndilo jina la Chuo cha Ualimu Matogoro, kimoja katika vyuo viwili vya serikali vya ualimu vilivyomo Songea; cha pili ni Chuo cha Ualimu Songea. Mtu asiyejua habari za mahali hapo hatazamii kwamba maji ya mto yana uhusiano wowote na kompyuta za wanafunzi. Lakini atakayeifuata historia ya mashine hizo tangu mwanzo wake hatakosa kufika mtoni.

Desturi iliyozoeleka katika kueleza maendeleo ya vyuo ni kuhesabu vifaa: madawati mangapi, vitabu vingapi, kompyuta ngapi. Hesabu hiyo ina faida yake, walakini haielezi jambo ambalo mwanafunzi hulijua tangu siku ya kwanza, yaani kama mashine iliyowekwa mbele yake inawaka, kama imeunganishwa na dunia ya nje, na kama inamwandikia maneno anayoyaelewa. Katika Songea vitu hivi havikuja kwa mpango ambao akili ingeutazamia. Kompyuta zilipelekwa katika vyuo vya ualimu baina ya mwaka 2005 na 2008. Umeme wa gridi ya taifa uliingia mjini mwaka 2018. Baina ya kufika kwa mashine na kufika kwa waya kulipita muda wa miaka kumi na zaidi, na katika muda huo mafungu mengi ya walimu yaliingia vyuoni, yakahitimu, yakatawanyika katika shule za nchi. Historia hii inahusu hasa yaliyowapata watu hao, na sababu zake.

Ili jambo hilo lieleweke vema, yafaa kurudi nyuma kidogo. Songea haukuwa mji mgeni wa mashine. Umbali wa kilomita zipatazo 24 kutoka mjini, huko Peramiho, Wamisionari Wabenedikto waliofika mwaka 1898 walijenga katika miaka iliyofuata karakana za useremala na uhunzi, shule ya ufundi, hospitali na kiwanda cha uchapaji. Kwa miaka mingi mitambo ya chapa ya Peramiho ilitoa vitabu na magazeti ya Kiswahili yaliyosomwa mbali na Ruvuma. Jambo la kukumbukwa katika habari hiyo ni kwamba mtambo haukukaa peke yake. Palikuwa na karakana jirani, na shule iliyofundisha vijana kazi za mikono. Chombo kilichoharibika kilikuwa na mtu wa kukifungua na mahali pa kukitengenezea. Katika vyuo vya ualimu, vifaa vya fundi na mwalimu vilikuwa vya kawaida zaidi: ubao na chaki, taipureta ofisini, na mashine ya kudurufu iliyozungushwa kwa mkono. Mashine ya namna hiyo haikuhitaji umeme. Ilihitaji wino, karatasi ya stensili na mkono wenye nguvu, na mchana ulitosha kuifanyia kazi.

Kompyuta yenyewe iliingia Tanzania mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1965 serikali ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha, mashine ya kampuni ya ICT ya Uingereza, kwa ajili ya kazi za hesabu. Chombo hicho kilikuwa kikubwa, ghali, na chenye kuwategemea wataalamu wa kigeni. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 hesabu za serikali zilizohamishiwa katika kompyuta zilivurugika, na gharama zikapanda ilhali faida haikuonekana. Basi mwaka 1974 serikali ikatoa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Runinga nazo zilizuiwa katika Tanzania Bara. Kituo cha kwanza cha runinga upande huo wa nchi hakikuanza mpaka mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na chake tangu miaka ya mwanzo ya 1970.

Amri ya mwaka 1974 mara nyingi hutajwa kwa kicheko, kana kwamba ilitolewa na watu walioogopa kivuli chao. Hukumu hiyo si ya haki. Mwaka huo huo wa 1974, mwezi wa Novemba, lilipitishwa Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi mapema kuliko ilivyokuwa imepangwa. Nchi ilikuwa na fedha chache za kigeni, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda ghafula, na njaa ilikuwa imetishia mikoa kadha wa kadha. Kwa serikali iliyokabiliwa na mambo hayo, swali la kununua mashine ya kuhesabia au kutafuta mwalimu wa darasa la kwanza lilikuwa na jibu jepesi.

Tena nchi haikuachana na vyombo vya kisasa. Ilichagua vile ilivyoweza kuvilisha. Redio ilikuwa ya kwanza. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, wakiwa na vitabu vidogo mikononi na viongozi waliofundishwa kazi hiyo. Baadaye, Azimio la Musoma lilipodai walimu wengi kuliko vyuo vilivyoweza kuwapokea, serikali ilianzisha mafunzo ya ualimu kwa njia ya posta, redio na masomo ya vijijini. Zaidi ya vijana 40,000 waliandikishwa katika mpango huo. Walifundisha huku wakijifunza, wakisoma masomo yaliyotumwa kwa barua na kusikiliza vipindi vilivyorushwa kutoka Dar es Salaam. Mpango huo ulikuwa na upungufu wake, na wako waliosema kwamba mwalimu wa namna hiyo hakuiva. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja ambayo haikuonekana tena kwa miaka mingi: chombo kilichotumika kilikuwa tayari kimo mikononi mwa mwanafunzi. Redio ilienda kwa betri za dukani, na msemaji wake alisema Kiswahili.

Amri ya 1974 ililegezwa polepole katika miaka ya 1980, kwa kuwa ofisi na mashirika yaliendelea kuomba ruhusa, na mashine zenyewe zilikuwa zimeanza kuwa ndogo na za bei nafuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mlango ulikuwa wazi. Gharama iliyolipwa kwa kuchelewa huko ilikuwa kubwa upande mmoja hasa, nao ni upande wa watu. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi nchi haikupata nafasi ya kutosha ya kuwalea mafundi na walimu wa kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kituo chake cha kompyuta, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wake walikuwa wakipeleka barua kwa njia ya simu wakishirikiana na vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Zambia na Zimbabwe. Lakini walikuwa watu wachache na wote mahali pamoja. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni safari ya kilomita zipatazo 950. Barabara ya lami ya kutoka Makambako ilifika Songea katika miaka ya 1980. Maarifa ya kompyuta yalikuwa bado hayajaanza safari hiyo.

Chuo cha kwanza kilicholazimika kuufikiria umbali huo kwa dhati kilikuwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikaanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, na Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Maana ya chuo hicho ilikuwa kumfuata mwanafunzi aliko, nacho kikaweka vituo katika mikoa, Songea ukiwa mmojawapo wa miji hiyo. Mwalimu wa Ruvuma aliyetaka shahada hakulazimika tena kuacha kazi na kuhamia pwani. Mwanzoni chombo kikuu cha chuo hicho kilikuwa karatasi: vitabu vya masomo, majaribio yaliyotumwa, na siku chache za kukutana na wahadhiri ana kwa ana. Kompyuta ilikuja baadaye, kidogo kidogo, na mwishowe masomo yenyewe yakawekwa katika mtandao. Mabadiliko hayo yalipunguza gharama za kuchapa na kusafirisha. Papo hapo yalihamisha mzigo: kitabu kilichokuwa kikilipiwa posta na chuo sasa kilipakuliwa kwa fedha ya mwanafunzi.

Katika mwaka 2003 serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, maneno ambayo baadaye yalifupishwa kuwa TEHAMA na kuingia katika lugha ya kila siku. Mwaka 2005 ulianza mradi wa kuingiza TEHAMA katika vyuo vya ualimu vya serikali, uliosaidiwa na Sweden kupitia shirika lake la maendeleo, Sida. Mradi huo ulivihusu vyuo vyote vya serikali, ambavyo wakati huo vilikuwa 34, navyo vyuo viwili vya Songea vilikuwamo. Vyumba vilitengenezwa, kompyuta zikapangwa, wakufunzi wakapelekwa mafunzoni. Fikira iliyokuwa nyuma ya mradi ilikuwa njema na yenye busara: ukimfundisha mwalimu mmoja, umewafundisha watoto wa miaka thelathini ijayo. Tena katika miaka hiyo TEHAMA iliingizwa kuwa somo katika mtaala wa shule za msingi, na mtu hawezi kufundisha asichokigusa.

Hapo ndipo swali la umeme lilipojitokeza. Songea wakati huo haukuwa katika gridi ya taifa. Umeme wake ulitokana na mitambo ya dizeli ya TANESCO, na mafuta ya kuiendesha yaliletwa kwa magari kupitia barabara ile ile ndefu. Umeme wa namna hiyo ni ghali kuuzalisha, na mtambo unapoharibika au mafuta yanapochelewa, mji mzima huingia katika mgawo. Taa ya kusomea ikizimika, mwanafunzi huwasha kibatari akaendelea na kitabu chake. Kompyuta ya mezani haina kibatari. Ikizimika ghafula, kazi isiyohifadhiwa hupotea; na umeme unaporudi kwa nguvu zisizo sawa huweza kuunguza kifaa kinachoupokea. Kwa sababu hiyo chumba cha kompyuta katika mji wa dizeli kilihitaji vidhibiti umeme, betri za akiba, pengine jenereta yake yenyewe, na fedha ya kulishia vitu hivyo vyote. Aghalabu vifaa hivyo vya pembeni ndivyo hufa kwanza, na ndivyo husahauliwa katika bajeti ya mwaka wa pili.

Hesabu ndogo ya mfano yatosha kuonyesha uzito wa jambo hilo. Chuo chenye wanafunzi 600 na kompyuta 30, kikifungua chumba chake saa nane kwa siku na siku tano kwa juma, kina saa 1,200 za kompyuta kwa juma. Kila mwanafunzi hupata saa mbili. Umeme ukikosekana siku mbili katika tano, saa hizo mbili huwa saa moja na dakika kumi na mbili. Kompyuta kumi zikiharibika bila kutengenezwa, zinabaki dakika 48. Hapo hazijatolewa saa za vipindi rasmi ambavyo darasa zima hutazama mkufunzi mmoja akionyesha. Mwanafunzi wa hesabu hiyo bado amo katika chuo ambacho taarifa zake zaweza kusema, bila uongo wowote, kwamba kina kompyuta 30.

Sasa habari inarudi kwenye mto. Maji yaliyotoka Matogoro yakazunguka kusini magharibi ya Songea hufika mahali paitwapo Tulila. Hapo Masista Wabenedikto wa Chipole walijenga kituo cha kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji, kilichoanza kazi mwaka 2015 kikiwa na uwezo wa megawati 5, na wakawa wakiiuzia TANESCO umeme huo kwa ajili ya mji wa Songea na maeneo yake. Kwa mji uliokuwa ukila dizeli, megawati 5 zilikuwa jambo kubwa. Ni ajabu yenye kupendeza kwamba mto ulioanza safari yake katika vilima vya Matogoro ulirudi mjini ukiwa ndani ya waya. Lakini haifai ajabu hiyo ifunike jambo lenyewe: mashine zilizokuja na mradi wa kwanza zilikuwa na umri wa miaka saba hadi kumi kabla ya mto kuanza kuzisaidia, na huo kwa kompyuta ni umri wa uzee.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 2018, gridi ya taifa ilifika. Njia ya umeme ya kilovolti 220, yenye urefu wa kilomita zipatazo 250, ilitandazwa kutoka Makambako hadi Songea, na vituo vya kupozea umeme vikajengwa Madaba na Songea. Mitambo ya dizeli ikazimwa. Mradi huo nao ulisaidiwa na Sweden. Hivyo mfadhili yule yule alilipia sehemu kubwa ya kompyuta za vyuo na sehemu kubwa ya waya wa kuziwasha, ila mashine zilitangulia na waya ukafuata. Hapana haja ya kumtafuta mwenye hatia. Kompyuta zilikuwa katika kitabu cha wizara ya elimu, na nguzo za umeme zilikuwa katika kitabu cha wizara ya nishati. Vitabu viwili hivyo vilifungwa na makarani mbalimbali. Tena kununua kompyuta ni kazi ya miezi, na kuvuta waya wa kilomita 250 ni kazi ya miaka. Kila mmoja alifanya kazi yake, na mwanafunzi akasimama katikati.

Upande wa mawasiliano ulikuwa na safari yake. Kabla ya nyaya za mawasiliano kufika, mahali palipokuwa mbali paliunganishwa kwa satelaiti, njia iliyokuwa ya polepole na yenye malipo makubwa ya kila mwezi. Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuatiwa na EASSy. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ili kuupeleka mwendo huo katika mikoa. Faida yake ilikuwa dhahiri, ingawa mnyororo ulikuwa mrefu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ya baharini ilikatika, na mtandao ukazorota katika nchi kadha wa kadha za Afrika ya Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mwanafunzi wa Songea, aliye mbali na bahari, alijifunza siku hiyo kwamba somo lake lilikuwa likipita chini ya maji ya chumvi.

Liko jambo jingine ambalo waya haukuweza kulitatua, nalo ni lugha. Kwa miaka mingi mafunzo ya cheti ya walimu wa shule za msingi yalitolewa kwa Kiswahili, na shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Mashine iliyoletwa katika chumba cha chuo ilizungumza Kiingereza tangu kuwashwa hadi kuzimwa. Mwalimu mtarajiwa alilazimika kukariri amri kama mtu anayekariri sala ya lugha asiyoijua, akijua mahali pa kubonyeza bila kujua maana ya neno alilolibonyeza. Na mashine ilipobadilishwa kwa toleo jipya, maneno yakahama, naye akapotea. Haikuwa kwamba Kiswahili hakikuweza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden katika jambo hili pia, kiliendesha mradi wa Kilinux, na mwishoni mwa mwaka 2004 kikatoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, za kuandikia na kupigia hesabu, ambazo kila mtu aliruhusiwa kuzitumia bila malipo. Wataalamu wa lugha na wa kompyuta walikaa pamoja wakatafuta maneno ya mamia ya amri.

Kwa hiyo mwaka 2005, mradi wa vyuo ulipoanza, maneno yalikuwapo tayari. Hayakuenea. Mitihani na vitabu vya kompyuta vilikuwa vya Kiingereza, soko la kazi lilitaka programu za kampuni kubwa za Marekani, na mafundi waliozifunga mashine walizifunga kama walivyozizoea. Katika miaka hiyo hiyo wasomi walishindana juu ya jina la chombo chenyewe: wengine wakapenda tarakilishi, neno lililoungwa kwa tarakimu na akili, wengine ngamizi, ilhali Watanzania wengi waliendelea kusema kompyuta. Mjadala ule ulikuwa na ladha yake, nao uliacha maneno mazuri kadha wa kadha kama kipanya na barua pepe. Lakini jina moja la chombo lilikuwa jambo dogo likilinganishwa na sentensi mia tano ambazo chombo hicho kilimwambia mwanafunzi kila siku kwa lugha ambayo hangeitumia darasani mwake.

Neno teknolojia likiwekwa juu ya lango halitoshi. Songea uliwahi kuwa na chuo kikuu kishiriki kilichobeba teknolojia ya habari katika jina lake; Februari 2016 Tume ya Vyuo Vikuu ilifuta kibali chake kwa sababu za ubora wa elimu, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Kwa wanafunzi hao hasara haikuwa ya jina, bali ya muda, nauli na makao yaliyovunjika katikati ya masomo. Vyuo vingine vimekuja tangu hapo, mathalan kampasi ya Chuo cha Uhasibu Arusha. Hivyo vimeukuta mji ukiwa na gridi, na vimepewa nafasi ambayo vyuo vya ualimu havikupewa.

Jaribio kubwa lilikuja Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo vyote kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni. Katika muda huo, kompyuta zilizokuwa zimefungiwa katika vyumba vya vyuo hazikuweza kumfuata mwanafunzi kwao Mbinga, Tunduru au Namtumbo. Kilichomfuata ni simu yake ya mkononi, kwa kadiri alivyoweza kununua salio. Tangu wakati huo imedhihirika kwamba kompyuta ya kweli ya wanafunzi wengi ni simu: humo husoma makala, hupokea maelezo ya mkufunzi, hutuma kazi. Simu ni chombo chenye betri yake, hununuliwa na mwenyewe, hutengenezwa na fundi wa sokoni, na hukubali Kiswahili. Kwa sifa hizo yafanana na redio ya 1973 kuliko inavyofanana na chumba cha 2005. Upungufu wake ni kwamba kioo chake ni kidogo, kazi ndefu ni taabu kuiandika ndani yake, na asiye na fedha huachwa nje bila mtu yeyote kuona. Katika chumba cha chuo angalau kiti kitupu kilionekana.

Wako watakaosema kwamba kulaumu mpango wa 2005 ni kazi rahisi kwa aliyeketi chini ya taa ya leo. Kauli yao ina nguvu. Kama vyuo vingengoja waya, mafungu yote ya kabla ya 2018 yangehitimu bila kugusa kompyuta hata mara moja. Na mwalimu aliyepata dakika 48 kwa juma alitoka chuoni akiwa ameondokewa na hofu, jambo lisilo dogo. Yamkini pia kwamba kuwapo kwa mashine zisizowaka kulizidisha kelele za kudai umeme. Lakini kauli hiyo yatetea kuzileta mashine mapema. Haitetei kuzileta peke yake. Betri, fundi mmoja aliyefundishwa kwa kila chuo, na programu za Kiswahili zilizokuwa tayari na bure, vilikuwa vitu vya bei ndogo kuliko kompyuta, navyo havikuhitaji kungoja nguzo za kutoka Makambako.

Wachapaji wa Peramiho walikuwa wamekwisha kulionyesha jambo hilo katika mkoa huo huo, walipoweka mtambo pamoja na karakana na mtu wa kuutunza. Kampeni ya redio ya 1973 ililionyesha tena kwa njia nyingine. Mafunzo yote mawili yalikuwa ya nyumbani, na kwa sababu yalihusu vyombo vilivyokwisha kuitwa vya kale, hayakuulizwa. Leo vyuo vya Songea vina umeme wa gridi, na miradi mipya ya vifaa haiachi kuja. Mhesabu vifaa atakapokuja kuandika taarifa yake, yampasa aulize pia ni saa ngapi kwa juma kila mwanafunzi aliketi mbele ya mashine inayowaka, ni nani aliyeitengeneza ilipoharibika, na ilisema naye kwa lugha gani. Majibu ya maswali hayo hayamo katika orodha ya mali ya chuo. Yamo kwa walimu waliohitimu Matogoro na Songea baina ya 2005 na 2018, ambao wengi wao wako madarasani hata sasa, na wangeweza kuulizwa.